Usimwambie Mtoto Kwamba Baba Amesafiri

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya futari, Likuyani)

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye alizaliwa baba yake ameshafariki, akafiwa na mama yake akiwa na miaka 6, na babu yake akiwa na miaka 8. Ama baada ya hayo, ndugu zangu wazazi, na nyinyi vijana mlioniita hapa, nawashukuru. Mlinipa nizungumze juu ya malezi. Malezi ni bahari, mimi nimechota kikombe kimoja tu. Nataka tuangalie mtoto aliyefiwa na mzazi, ni nini kinachotokea ndani ya akili yake. Habari ya karo na unga wa huyo mtoto tunaijua, na tukiambiwa tuchange tunachanga, Alhamdulillahi. Habari ya akili yake ndiyo hatuigusi.

Nitaanza na yangu, maana si vizuri kusimama hapa na kusema watoto wa watu.

Nilikuwa darasa la saba, shule ya bweni, mbali na nyumbani. Siku moja asubuhi mwalimu wa zamu akaniita, akaniambia funga sanduku, umetumiwa mtu. Mtu mwenyewe alikuwa binamu ya baba yangu, kwetu tunamwita baba mdogo. Tukapanda matatu. Njia nzima haongei. Nikimuuliza ananiambia, "Baba yako ni mgonjwa kidogo." Kidogo! Tulipofika Matunda alasiri ilikuwa imeingia, tukachukua baiskeli mbili za boda mpaka nyumbani. Nikaona mikeka imetandikwa uani. Nikaona wanaume wanatoka upande wa shambani, mmoja ana jembe begani, viatu vyao vina udongo. Hakuna aliyeniambia neno. Niliambiwa na udongo ule wa viatu.

Baba alikuwa amezikwa tangu adhuhuri. Mimi sikumwona uso, sikumswalia, sikutia hata konzi moja ya mchanga.

Sasa mnielewe vizuri. Silaumu kuharakisha mazishi. Hiyo ndiyo sunna, na maiti haiwezi kumngoja kila aliye safarini. Nalalamikia kufichwa. Baba mdogo angeniambia pale getini ya shule, ningelia kwenye matatu saa nne, ningefika nyumbani nikiwa najua naingia kwenye msiba. Badala yake nilifika nikakuta jambo limekwisha, na akili yangu ikakataa kulipokea. Kwa karibu miaka miwili, gari likisimama barabarani usiku, nilikuwa nainuka kitandani. Nilijiambia labda walimzika mtu mwingine, baba yuko Kitale kwa biashara yake ya mahindi, atakuja. Nilikuwa na miaka 13, Yasini naijua kwa moyo, najua kifo ni nini. Lakini moyo ulikuwa ukingojea gari.

Na kuna lingine, hili sikumwambia mtu yeyote mpaka nilipooa. Muhula ule kabla sijaenda shule, nilimwomba baba viatu, akasema ngoja tuuze mahindi. Nikanuna. Nikaondoka bila kumpa mkono. Basi mimi nilikuwa na hakika kabisa kwamba nilimuua baba yangu. Na hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo hakuna aliyenikanusha.

Ndugu zangu, mkidhani hilo lilikuwa langu peke yangu, wachunguzeni watoto wenu. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui kwamba aliyekufa harudi. Unamwambia baba amekufa, analia na wewe, jioni anakuuliza baba anakuja saa ngapi. Huo si ukaidi, akili yake haijafika hapo. Itabidi umwambie tena na tena, kwa maneno yale yale. Kuanzia miaka sita, saba hivi, anaanza kuelewa kwamba kifo hakina kurudi. Lakini hapo ndipo hatari nyingine inapoingia: anatafuta sababu, na sababu anayoiona karibu ni yeye mwenyewe. Nilimtukana kimoyomoyo. Sikumletea maji. Nilipiga kelele akiwa amelala. Huyu mtoto ni lazima asikie kwa masikio yake, kutoka kwa mtu anayemwamini: "Baba aliumwa na ini, hukufanya kitu, na hakuna kitu ungefanya kikazuia."

Na yale maneno tunayoyatumia ya kufunikia, tuyapime. Ukimwambia mtoto mdogo kwamba mama amelala, usishangae akianza kuogopa kulala, au kukuamsha usiku aone kama unapumua. Ukimwambia baba amesafiri, atakasirika kwa nini hakumuaga, na siku ukiondoka kwenda Eldoret kununua mbolea atakushika kanzu. Ukimwambia Mungu amemchukua kwa sababu alikuwa mtu mzuri, yeye anahesabu: nani mwingine mzuri hapa nyumbani? Mwambie amekufa. Neno ni zito, naam, lakini ni la kweli, na mtoto anaweza kulisimamia. Mwambie mwili umeacha kufanya kazi, hausikii maumivu, hauhisi baridi kaburini (wanaliwaza sana hilo la baridi, hasa mvua ikinyesha). Kisha mweleze imani yetu, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na Kwake tunarejea. Imani ikija juu ya ukweli inashika. Ikija juu ya uongo, mtoto akigundua uongo anavitupa vyote viwili.

Hapa kwetu Likuyani kuna jambo la ziada. Wengi wetu tuna wajomba Wakristo na mashangazi Waislamu, au kinyume chake. Mtoto wa Kiislamu anaona kwa khotsa wake msiba unakesha siku kadhaa, jeneza linafunguliwa, watu wanapita kuaga, watoto wanaimba. Kwao yeye, baba amefariki alfajiri, adhuhuri yuko kaburini. Binamu zake wanamuuliza, mbona mlimtupa haraka hivyo? Hana jibu. Kwa hiyo mtoto akiwa karibu, mpeni nafasi katika ule muda mfupi tulio nao. Akitaka kumwona mzazi wake baada ya kukafiniwa, aonyeshwe uso, kuwe na mtu amemshika mkono, na aambiwe kabla ataona nini. Akikataa asilazimishwe. Mtoto wa kiume aswali jeneza pamoja na wanaume, atie mchanga. Akiwa shule ya bweni, apigiwe simu aambiwe kweli, au aambiwe na yule aliyetumwa kumchukua. Na akichelewa, siku ya pili mtu mzima ampeleke kaburini, amweleze kila kitu kilivyokwenda.

Sasa tuje kwenye kile kinachotudanganya sana. Mtoto wa watu wazima tunamjua kwa machozi. Lakini mtoto hahuzuniki kama sisi. Analia dakika kumi, halafu unamwona nje anacheza mpira wa karatasi, na wazee wanasema, "Afadhali yeye, hana habari." Ana habari. Anachukua huzuni kidogo kidogo kwa sababu hawezi kuibeba yote mara moja. Itatoka kwa njia nyingine: kukojoa kitandani na alikuwa ameshaacha, tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi, kugombana, kuporomoka darasani, kukaa kimya mno, kutotaka mama aende hata dukani. Na sisi tunasema ameharibika, au ana jini. Sikatai kisomo, msomee mtoto wako, Qur'ani ni shifaa. Lakini ukimaliza kusoma, muulize pia anaota nini usiku.

Kuna binti mmoja wa madrasa, sitamtaja wala kijiji chake. Mama yake alifariki, akaanza kusinzia kila siku tukiwa kwenye somo. Tulimkemea, nami nilikuwa mmoja wa waliomkemea. Mpaka kukhu yake alipokuja akatueleza kwamba binti anaamka saa kumi za usiku, anawapikia wadogo zake uji, anawaogesha, ndipo anakwenda shule. Siku ya msiba akina mama walikuwa wamemwambia, "Usilie, wewe sasa ndiye mama wa nyumba hii." Yeye alilichukua kama amri. Watoto wa kiume nao tunawaambia wewe sasa ndiye baba, jikaze. Mtoto wa miaka 11 awe baba ya nani? Hayo maneno tuyaache, jamani. Sote tumeyasema.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Kule Massachusetts, Marekani, watafiti William Worden na Phyllis Silverman walifuatilia watoto 125 wa familia 70 waliofiwa na baba au mama. Wengi walistahimili, na hilo tulishike ili tusimtazame kila yatima kama mgonjwa. Lakini baada ya miaka miwili, karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na matatizo makubwa ya hisia au tabia, na wengine matatizo yao yalionekana mwaka wa pili, si wa kwanza. Na sisi mwaka wa pili tuko wapi? Tulishakula pilau ya arubaini tukaenda zetu. Jambo lingine waliloliona ni kwamba hali ya mtoto ilitegemea sana hali ya yule mzazi aliyebaki. Mama akiweza kusimama, na ratiba ya nyumba ikaendelea, mtoto naye husimama. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia yatima, amwangalie mama yake kwanza.

Karibu na hapa, wilaya ya Bushenyi nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 uliwalinganisha watoto 123 waliofiwa na wazazi kwa ukimwi na wengine 110 wa umri wao wenye wazazi. Waliofiwa walikuwa na wasiwasi zaidi, sononeko zaidi na hasira zaidi. Na karibu zaidi bado, kwa majirani zetu wa Bungoma, na kule Moshi, Tanzania, kati ya mwaka 2013 na 2015 watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi waliingizwa katika mpango wa majaribio. Nusu walipata msaada wa kawaida wa mayatima. Nusu walikutana kila wiki, kwa wiki 12, katika vikundi vya rika lao, na walezi wao wakawa na kikundi chao pembeni. Nawaomba mlisikie hili: waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa mtaani, wakafundishwa na kusimamiwa. Watoto walijifunza kwa nini mwili unatetemeka wakikumbuka, namna ya kupumua na kutulia, namna ya kulijibu lile wazo la "ni makosa yangu". Na polepole kila mmoja alisimulia kifo cha mzazi wake, mwanzo mpaka mwisho, mpaka akaweza kukisimulia bila kuzama.

Matokeo ya Bungoma, mjini na vijijini, yalikuwa mazuri, na baada ya mwaka mmoja bado tofauti ilionekana. Moshi, baada ya mwaka, vikundi vyote viwili vilikuwa sawasawa. Nalisema hilo ili nisionekane nauza dawa. Lakini kilichofanyika Bungoma kijijini kinaweza kufanyika Likuyani. Baadaye mpango ule, ambao huko unaitwa Pamoja Tunaweza, uliendelezwa na walimu wa shule na wahudumu wa afya wa jamii. Hapa tuna walimu wa madrasa, tuna wahudumu, tuna vijana waliomaliza kidato cha nne wamekaa. Kinachokosekana ni kikao kimoja cha kamati kulipanga jambo hili pamoja na watu wa afya wa kaunti ndogo.

Nikiyasoma haya ya wataalamu, mimi namkumbuka Ja'far bin Abi Talib. Mnajua aliuawa vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 Hijria. Habari ilipofika Madina, Mtume (S.A.W.) alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Ja'far. Akaomba aletewe watoto. Akawakumbatia, akawanusa, macho yake yakatoka machozi, na hapo mama yao Asmaa bint Umais akajua. Akaagiza jamaa wa Ja'far wapikiwe chakula, maana wao wameshughulishwa na msiba. Sisi siku hizi tunawaachia wafiwa ndio watupikie, lakini hilo ni la siku nyingine. Kisha baada ya siku tatu alirudi. Akawaita watoto tena, akaita kinyozi akawanyoa. Na akasema huyu Muhammad amefanana na ami yetu Abu Talib, na Abdullah amefanana na mimi, kwa umbo na kwa tabia. Mama yao alipotaja uyatima wao, akamwambia asiwaogopee ufukara, yeye ndiye msimamizi wao.

Hebu tuliangalie vizuri. Hakuwaficha watoto kwa jirani. Alilia mbele yao, hakuwaambia wanaume hawalii. Alirudi, tena baada ya wageni kupungua. Na kila mtoto alimwambia amefanana na nani. Mtoto aliyefiwa na baba anahisi kamba imekatika, hajui tena yeye ni wa nani. Ukimwambia, "Wewe unatembea kama babako," umemfunga tena kwenye kamba. Abdullah bin Ja'far ndiye aliyeyasimulia haya akiwa mtu mzima. Hakuyasahau.

Sisi tunafanya nini? Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi. Watoto wanagawanywa: wawili kwa senge Moi's Bridge, mmoja Kitale, mdogo anabaki na kukhu. Nia ni nzuri, mzigo ni mkubwa. Lakini mtoto aliyempoteza baba mwezi huu, mnampotezea ndugu zake na shule yake mwezi huo huo. Kama hakuna budi, wakae wawili wawili, na waambiwe ni kwa muda gani. Na zile kelele za shamba! Ami anakuja na kamba kupima kabla ya arubaini, na mtoto amekaa nyuma ya mlango anasikia kila neno. Surat Nisaa imelisema wazi lile la mali ya yatima, sina la kuongeza. Nasema tu kwamba mtoto anayesikia atafukuzwa, halali.

Sasa vijana, nyinyi mlionialika. Rafiki yako akifiwa, usimwambie najua unavyohisi, kama hujui. Usimkimbie pia kwa kuogopa kukosea neno. Mwite mpirani kama siku zote. Mtaje babake kwa jina, mkumbushe ile siku alivyotuchekesha. Akikwambia anataka kumfuata mzazi wake, au anajikata mwili, hiyo si siri ya kuweka, hata kama umeapa. Mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, na apelekwe hospitali. Hapa tuko karibu na Eldoret, na Hospitali ya Rufaa ya Moi ina kitengo cha afya ya akili. Namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo, mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Na kwa kuwa tuko ndani ya mwezi huu, mkumbuke nyumba ambazo hii ni Ramadhani ya kwanza bila yule aliyekuwa akiwaamsha daku. Saa ya futari kuna mahali pamoja kwenye mkeka hapakaliwi. Msiwaalike watoto siku ya Idi tu, muwapige picha na nguo mpya. Nendeni wiki hii, mle nao huko kwao, na mumwombee marehemu kwa jina lake, watoto wakisikia na wakiitikia amina.

Mimi yule baba mdogo nilikuja kukaa naye nikiwa na miaka 26. Nikamwambia nieleze siku ile. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza yote: nani aliosha, nani aliingia kaburini, mvua ilivyotishia ikaacha, alivyoswaliwa na watu mpaka wa Soy. Akaniambia kwenye matatu alitaka kuniambia mara tatu, akashindwa, na hajawahi kupata amani na hilo. Ndipo nikamuuliza habari ya viatu. Akacheka, akasema, "Wewe! Babako wiki ile nzima alikuwa akitutania sokoni, ati auze mahindi haraka, kijana wake anamdai viatu."

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.